Kuchimba mafuta na gesi kwa madhara machache: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoishi jirani na visima, wanafunzi, waandishi wa habari, na mara nyingine wafanyakazi wa sekta yenyewe. Majibu yana msimamo: sehemu kubwa ya uharibifu huu inazuilika kwa vifaa vilivyopo leo, na kinachokosekana ni mtu wa kupima na mtu wa kuwajibika.

Je, inawezekana kuchimba mafuta na gesi bila madhara yoyote?

Haiwezekani. Kisima kinataka barabara, uwanja uliosawazishwa, malori usiku na mchana, tope la kuchimbia, saruji, maji, na mitambo inayounguruma. Hata ardhi ikibaki salama, mafuta yenyewe yatachomwa mahali fulani, na hewa ukaa itakayotoka hapo ni nyingi kuliko ile iliyotoka wakati wa kuyachimba.

Pamoja na hayo, Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba kuchimba, kuchakata na kusafirisha mafuta na gesi huzalisha takriban asilimia 15 ya gesi joto zote zinazotokana na nishati duniani. Hiyo si haba. Na ndiyo sehemu inayoweza kukatwa haraka, bila kusubiri magari yabadilike wala mitambo ya umeme ijengwe upya.

Uharibifu mkubwa unatoka wapi hasa?

Methani inayovuja, gesi inayounguzwa, maji machafu yanayopanda pamoja na mafuta, umwagikaji, na visima vilivyotelekezwa. Watu huogopa zaidi mlipuko wa baharini kwa sababu wanauona kwenye televisheni. Uvujaji wa kila siku hauonekani, na mimi ndio unaoniuma zaidi.

Kwa nini methani inazungumzwa sana?

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ikiungua vizuri inageuka hewa ukaa na mvuke wa maji. Ikitoroka mbichi, katika miaka 20 ya mwanzo inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Ukihesabu kwa miaka 100, tofauti hiyo inashuka hadi mara 28 au 30 hivi, kwa sababu methani haidumu sana angani: maisha yake ni takriban miaka 12. Kwa hiyo ukiziba leo, nafuu inaonekana ndani ya kizazi hikihiki. Hewa ukaa haikupi nafasi hiyo, maana ikishapanda inakaa karne na karne.

Ndiyo sababu zaidi ya nchi 150 zimejiunga na Ahadi ya Kimataifa ya Methani, iliyozinduliwa Glasgow mwaka 2021. Inataka methani inayotokana na shughuli za binadamu ipungue kwa angalau asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2020.

Gesi inavujia wapi?

Mahali pa kawaida kabisa. Kifuniko cha tangi ambacho mtu alikifungua ili apime kina cha mafuta, kisha akasahau kukibana. Gasketi iliyochakaa. Kompresa ambayo viziba vyake vimelika. Halafu kuna vali zinazoendeshwa na mgandamizo wa gesi yenyewe. Kila zinapofunguka na kujifunga zinapumua gesi kidogo hewani, na si kwamba zimeharibika, ndivyo zilivyoundwa. Zidisha pumzi hiyo kwa vali zote za uwanja, mchana na usiku, kwa miaka 20.

Simama mbele ya tangi saa sita mchana. Jua kali, rangi nyeupe ya tangi inaumiza macho, na kwa macho hayo huoni chochote, maana methani haina rangi. Sasa tazama kupitia kamera ya infraredi. Kwenye ukingo wa kifuniko kuna wingu zito linalotoka bila kukoma, linajikunja, linateremka ubavuni mwa tangi, kisha upepo unalichukua kama moshi wa kuni mbichi. Fundi anapanda ngazi, anasafisha mpira wa kifuniko, anakikaza, anashuka. Ukitazama tena, wingu halipo. Mara nyingi kazi nzima ni hiyo.

Tatizo ni kwamba hujui ni tangi lipi. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 5 ya mivujo, ile mikubwa kuliko yote, hutoa zaidi ya nusu ya gesi inayopotea. Mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka anaweza kupita wiki moja kabla mvujo mkubwa haujaanza. Kwa hiyo panahitajika ukaguzi wa mara kwa mara, kwa kamera za mkononi, droni, ndege ndogo, na vihisi vinavyobaki uwanjani muda wote.

Kuziba mivujo hiyo si ghali mno?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Shirika hilohilo la nishati limeeleza mara kadhaa kwamba takriban robo tatu ya methani ya sekta hii inaweza kuzuiwa kwa teknolojia iliyopo, na sehemu nzuri ya kazi hiyo inajilipa kwa sababu gesi inayookolewa inauzika. Vali zinazopumua hubadilishwa na zinazotumia umeme au hewa iliyoshindiliwa. Mvuke wa matangi hunaswa na kurudishwa kwenye bomba. Kisima kipya kinaposafishwa, gesi inayotangulia hupitishwa kwenye kitenganishi badala ya kuachiwa. Marekani imelazimisha hilo la mwisho kuanzia 2015 kwa visima vya gesi ambavyo miamba yake hupasuliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa.

Kisima kidogo kilicho mbali na bomba kina hesabu ngumu zaidi, hilo nakubali. Lakini mwenye uwanja mkubwa anayesema hana uwezo wa kukaza kifuniko anajitetea vibaya.

Ule moto mkubwa unaowaka juu ya mnara ni wa nini?

Mafuta yanapopanda, hupanda na gesi iliyoyeyuka ndani yake. Kampuni iliyokuja kutafuta mafuta, ikiwa haina bomba la gesi wala mnunuzi, huiunguza. Kuna kuunguza kwa dharura, ambako ni kinga ya wafanyakazi na kutabaki. Kuna kuunguza kwa mazoea, yaani kila siku, kwa sababu hakuna aliyepanga gesi iende wapi. Huku kwa mazoea ndiko kwa kupigwa vita. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia yanayotokana na picha za setilaiti, katika miaka ya karibuni dunia imekuwa ikiunguza takriban mita za ujazo bilioni 150 kwa mwaka.

Norway ilikataa tangu mwanzo. Mwaka 1971, mafuta ya uwanja wake wa baharini wa Ekofisk yakiwa ndiyo kwanza yameanza kutoka, bunge lake lilipokea misingi kumi ya sera ya mafuta, na mmojawapo ulisema gesi inayofaa kutumika isichomwe isipokuwa kwa vipindi vifupi vya majaribio. Uzito wa msimamo huo uko kwenye mpangilio wa hatua. Mwekezaji analazimika kuonyesha gesi itakwenda wapi kabla hajaruhusiwa kuzalisha. Itasafirishwa kwa bomba, au itarudishwa ardhini isukume mafuta, au itaendesha jenereta? Ukiuliza baada ya kisima kuanza kulipa, jibu utakalopata ni ahadi. Mpango wa Benki ya Dunia wa kukomesha uunguzaji wa mazoea ifikapo 2030 ulizinduliwa 2015, na moto bado unawaka.

Si afadhali kuiwasha kuliko kuiachia?

Ni afadhali, ila si kwa kiasi tulichokuwa tukiambiwa. Kwa miaka mingi hesabu za utoaji zilichukulia kwamba mwenge, yaani moto huo wa mnarani, huteketeza asilimia 98 ya methani. Watafiti waliorusha ndege juu ya maeneo matatu makubwa ya mafuta Marekani walichapisha matokeo mwaka 2022: kwa ujumla ni takriban asilimia 91. Upepo hupunguza makali ya moto, na baadhi ya mienge ilikuwa imezimika kabisa huku gesi ikiendelea kutoka. Moto unaofuka moshi mweusi nao humwaga masizi kwa wanaoishi chini yake. Ukiuona umekuwa mweusi siku nzima, kuna kitu hakiko sawa.

Maji yanahusikaje?

Kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kila pipa la mafuta, aghalabu hupanda mapipa matatu au zaidi ya maji, na kwenye visima vikongwe yanaweza kuzidi 10. Si maji ya mto. Yamekaa na miamba mamilioni ya miaka, yana chumvi inayoweza kupita ya bahari mara kadhaa, mabaki ya mafuta, metali, na mara nyingine madini yenye mnunurisho. Kuyamwaga kwenye shimo la udongo lisilotandikwa chochote ni kuua shamba la jirani taratibu.

Njia nzuri ni kuyachuja na kuyatumia tena kwenye uchimbaji, au kuyarudisha kwenye tabaka lilelile yalikotoka. Baharini, nchi zinazozunguka Atlantiki ya kaskazini-mashariki, chini ya OSPAR, mkataba wao wa kulinda bahari hiyo, zimeweka kikomo cha wastani wa miligramu 30 za mafuta kwa lita ya maji yanayomwagwa. Kikomo cha aina hiyo kinaweza kupimwa, kwa hiyo kinaweza kusimamiwa.

Ni kweli maji hayo yanaweza kuleta matetemeko?

Ndiyo. Jimbo la Oklahoma, Marekani, lilikuwa likipata wastani wa matetemeko mawili hivi kwa mwaka ya ukubwa wa 3 au zaidi kabla ya 2009. Mwaka 2015 yalipita 900. Chanzo kikuu kilikuwa maji taka ya visima yaliyosukumwa kwa wingi kwenye miamba ya kina kirefu, yakaongeza shinikizo kwenye nyufa za zamani. Septemba 2016 mji wa Pawnee, jimboni humo, ukatikiswa na tetemeko la 5.8. Wasimamizi walipopunguza kiasi kinachosukumwa, matetemeko yakapungua miaka iliyofuata. Tiba ilikuwa mikononi mwao muda wote.

Groningen, Uholanzi, sababu ilikuwa tofauti. Huko kutoa gesi kwenyewe kulifanya ardhi ikae upya na kuta za nyumba zikapasuka. Uzalishaji ulikoma Oktoba 2023.

Kupasua miamba kwa maji kunachafua visima vya kunywa?

Mpasuko wenyewe kwa kawaida uko kilomita moja au zaidi chini ya maji ya kunywa. Hatari iko karibu zaidi, kwenye saruji. Bomba la chuma likishushwa, saruji hupampiwa ijaze nafasi kati ya chuma na mwamba. Ikibaki na uwazi, gesi hupata ngazi ya kupandia hadi kwenye maji ya watu. Kuna vipimo vya sauti vinavyoshushwa kisimani kuona kama saruji imeshikana. Vifanywe kabla ya kazi kuendelea, na matokeo yawekwe wazi. Hatari nyingine ni umwagikaji wa kemikali juu ya ardhi, na dawa yake ni kutandika uwanja na kutaja kila kemikali inayotumika.

Vipi kuhusu mlipuko wa baharini?

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Watu 11 walikufa na mafuta yalibubujika kwa siku 87. Saruji ya chini haikuzuia gesi, kipimo cha shinikizo kilisomwa vibaya, na kizuia mlipuko kilichokaa sakafuni mwa bahari kikashindwa kukata bomba na kuziba. Mitambo ya kisasa sasa huwekewa masharti makali zaidi ya kupima kizuia mlipuko, na vifuniko vya dharura vya kuvika kisima huwekwa tayari badala ya kubuniwa mafuta yakiwa tayari yanamwagika. Jambo la kwanza kuuliza kuhusu mradi wa bahari kuu ni kifuniko hicho kiko bandari gani na kitachukua siku ngapi kufika.

Nchi kavu kuna maumivu ya polepole. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipopima Ogoniland, Nigeria, na kutoa ripoti 2011, lilikuta watu wa Nisisioken Ogale wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali ya mafuta inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mahali pamoja, juu ya maji ya ardhini, lilikuta tabaka la mafuta la sentimita 8. Lilikadiria kwamba kurudisha mazingira ya Ogoniland kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ripoti angekuwa mtu mzima mwenye familia kabla kazi haijakwisha.

Kuzika hewa ukaa ardhini ni kweli au danganya toto?

Ni kweli, ila si kila mahali na si kwa kila ahadi. Gesi ya uwanja wa baharini wa Sleipner, Norway, ilitoka na hewa ukaa nyingi kuliko wanunuzi walivyokubali, ikabidi itenganishwe. Nchi hiyo ilikuwa na kodi ya hewa ukaa tangu 1991, hivyo kuiachia angani kungegharimu fedha. Tangu 1996 imekuwa ikisukumwa kwenye mchanga wenye maji chumvi chini ya sakafu ya bahari, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kodi ndiyo iliyoamua.

Mradi wa Gorgon, Australia, unafundisha upande wa pili. Gesi ilianza kuuzwa 2016, uzikaji ukaanza 2019, na kiasi kilichozikwa kimekuwa pungufu sana ya kilichoahidiwa. Kwa hiyo usipinge teknolojia, ila usikubali ahadi ya uzikaji iwe tiketi ya kuanza uzalishaji.

Mitambo yenyewe inaweza kutumia nishati safi?

Inaweza. Troll A, jukwaa la gesi la baharini huko Norway, inapata umeme kutoka nchi kavu tangu 1996 badala ya kuchoma gesi baharini. Faida inategemea umeme huo unazalishwa na nini.

Na wanyama, misitu na bahari?

Kanuni ya kwanza ni kupunguza eneo linaloguswa. Siku hizi visima vingi huchimbwa kutoka uwanja mmoja na kupinda chini kwa chini. Kwenye uwanja wa mafuta wa Wytch Farm, kusini mwa Uingereza, kisima kilianzia nchi kavu kikafikia mafuta zaidi ya kilomita 10 upande wa chini ya bahari, bila kisiwa bandia. Baharini, milio mikubwa inayopigwa majini ili mwangwi wake uonyeshe mafuta yaliko huanzishwa polepole ili nyangumi wapate muda wa kuondoka, na kazi husitishwa wakionekana karibu. Mabomba ya Sakhalin, Urusi, yalihamishwa mwaka 2005 ili yakwepe malisho ya nyangumi wa kijivu.

Kuna mahali ambapo jibu sahihi ni kutochimba. Agosti 2023 wananchi wa Ekuado walipiga kura kuacha mafuta ya sehemu ya hifadhi ya Yasuní ardhini, na karibu asilimia 59 waliunga mkono. Nawaheshimu sana kwa kura hiyo.

Kisima kikiisha nani anakifunga?

Swali hili liulizwe kabla kisima hakijaanza. Kufunga vizuri ni kuweka vizibo vya saruji kwenye tabaka kadhaa, kukata bomba chini ya uso wa ardhi, kulifunika kwa bamba la chuma na kurudisha udongo. Kazi hiyo haina faida kwa yeyote, kwa hiyo huahirishwa. Kisima huuzwa kwa kampuni ndogo, kisha kwa ndogo zaidi, hadi kinaishia kwa isiyo na kitu, nayo inafilisika. Marekani ililazimika mwaka 2021 kutenga dola bilioni 4.7 za umma kufunga visima visivyo na mwenyewe.

Dawa ni dhamana. Fedha ya kufungia iwekwe mahali salama siku ya leseni, ikitosha gharama halisi, na mwenye kisima wa awali asiponyoke kwa kuuza.

Kampuni ikisema imepunguza uchafuzi, nitajuaje?

Uliza kama imepima au imekokotoa. Hesabu nyingi hutengenezwa mezani: idadi ya vali mara kiwango cha kitabuni. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta methani ya sekta hii Marekani ikizidi makadirio rasmi kwa karibu asilimia 60. OGMP 2.0, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuripoti methani ya mafuta na gesi, una ngazi tano, na ya tano inadai vipimo vya uwanja mzima vilinganishwe na hesabu za kifaa kwa kifaa. Uliza kampuni iko ngazi gani. Setilaiti nazo, ikiwemo Sentinel-5P iliyorushwa 2017, huona mivujo mikubwa bila kuomba ruhusa ya kuingia getini. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya 2024, umeanza kuwadai hata waagizaji wa mafuta na gesi taarifa za methani za huko vinakotoka.

Gesi si ni safi kuliko makaa ya mawe?

Kwenye mtambo wa umeme, hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa. Lakini uchambuzi wa 2012 ulionyesha kwamba uvujaji ukizidi takriban asilimia 3, faida hiyo inapotea kwa miaka ya mwanzo. Usafi wa gesi unategemea vile vifuniko vya tangi.

Wanataka kuchimba karibu na ninapoishi. Nianzie wapi?

Anza na maji, kabla mtambo haujafika. Kisima chako na cha jirani vichukuliwe sampuli na maabara isiyolipwa na mchimbaji pekee: chumvi, metali, benzini, methani. Rudieni kipimo msimu wa mvua na wa kiangazi. Bila kipimo cha kabla, siku maji yakibadilika utaambiwa yalikuwa hivyo siku zote, na hutakuwa na cha kujibu.

Ombeni tathmini ya athari kwa mazingira na msome sehemu ya gesi, ya maji taka na ya kufunga visima. Kama sehemu ya gesi inasema tu kwamba itaunguzwa, pingeni hapo kwa maandishi, ndani ya muda wa maoni. Ulizeni kiasi cha dhamana na nani anaishika.

Uchimbaji ukianza, weka daftari. Tarehe, saa, upepo unatoka wapi, moto una rangi gani, harufu gani. Ukisikia harufu ya yai bovu, ondoka ukiukata upepo kwa ubavu na ujitenge na kisima, wapigie wa dharura, na usirudi kwa sababu tu harufu imekwisha. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa kabla haijamuua mtu.